Si kila ukuta wenye "Asante" ni sanaa shirikishi

Sanaa shirikishi ya jamii ni kazi isiyokamilika mpaka wanajamii wenyewe watie mkono. Ikiwa ni ya shukrani, wanachotia ni shukrani zao: maneno ukutani, kitambaa kinachofungwa mtini, kipande cha pazia kinachoshonwa. Maana ni hiyo tu. Lakini siku hizi kila mchoro wenye neno "Asante" huitwa shirikishi, hata kama mchoraji wa kulipwa aliumaliza Ijumaa na wakazi wakaitwa Jumamosi kupiga makofi.

Kipimo chake ni chepesi. Ondoa kila kilichowekwa na watu, uone kinachobaki. Picha ikibaki nzima, watu hao walikuwa watazamaji. Mwezi Februari 2011, mjini New Orleans, Marekani, msanii Candy Chang alipaka ukuta wa nyumba iliyotelekezwa rangi ya ubao wa darasani, akapiga kwa stensili sentensi moja yenye pengo, safu kwa safu, kuhusu jambo ambalo mtu angependa kulifanya kabla hajafa. Futa maandishi ya wapita njia, utabaki na mapengo. Ukitaka ukuta wa shukrani, njia ni ile ile, badili sentensi tu.

Na sentensi ndiyo inayoharibu kuta nyingi. "Nashukuru kwa ____" hujaza ukuta "uhai", "familia" na "Mungu", maana watu huijibu kama wanavyojibu salamu. "Namshukuru ____ siku ile aliponi____" humlazimu mwandishi kutaja mtu na tendo. Safu tatu nne za juu zijazwe mapema na wakazi, kwa majibu ya kweli. Hakuna apendaye kuanza, na majibu ya kwanza ndiyo huigwa. Safu ya chini isizidi sentimita 90 kutoka ardhini, la sivyo watoto watabaki kuchungulia tu. Plasta mpya ya saruji iachwe siku 28 kabla ya rangi. Paka rangi ya ubao mara mbili, acha ikauke siku tatu, kisha laza chaki ubavu, sugua ukuta wote na ufute. Hatua hiyo ikirukwa, maandishi ya kwanza huacha kivuli kisichotoka. Mvua nayo haina simile: piga picha kila jioni.

Hata hivyo, chaki mkononi mwa mwananchi haitoshi. Nani alichagua sentensi? Mfadhili akiweka "Tunamshukuru mfadhili wetu kwa ____", hilo ni tangazo lake, tena limeandikwa na watu wasiolipwa. Sherry Arnstein, Mmarekani aliyeandika kuhusu ushiriki wa wananchi katika mipango, aliyapanga haya mwaka 1969 katika ngazi ya vidato vinane vya ushiriki: cha chini kabisa watu huchezewa akili, cha juu kabisa wanashika usukani. Kwetu, mradi wa maigizo ya jamii wa Kamirithu, mwaka 1977 huko Limuru, Kenya, ulifika juu sana: wakulima na wafanyakazi walirekebisha maneno ya mchezo wa kuigiza wakati wa mazoezi, na jukwaa walijenga wenyewe.

Mchoro wa msanii mmoja wa kuwashukuru wauguzi wa zahanati hauna kosa lolote, na pengine ni mzuri kuliko ukuta wa chaki. Uitwe tu mchoro wa shukrani, na jina la mchoraji liandikwe pembeni. Kama ni lazima uwe shirikishi, waulizeni wakazi kabla kopo la rangi halijafunguliwa.