Difu ya gia mbili: tafuta kwanza vile vidude vidogo

Picha ninazotumiwa hazitofautiani sana: ekseli imelala kwenye majani, kutu imeivaa, na chini yake swali, "Fundi, hii ni ya gia mbili?" Nami huwajibu kwa swali: kifaa cha kubadilishia kiko wapi? Lile chuma kubwa lenye kraunwili (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ndilo linalopigwa picha, na kulipata si kazi. Kinachowatesa watu ni mabano, waya, mirija ya vakyumu (mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini) na kile kigiaboksi kidogo cha spidometa, vitu ambavyo mtu fulani alivitupa zamani kwa sababu vilikuwa vinamsumbua.

Difu hii huongeza gia bila kugusa giaboksi. Ndani ya kraunwili kuna gia ndogo zinazoizunguka gia ya kati. Gia ya kati ikifungwa na wenzake, zote huzunguka kama kipande kimoja. Ikishikwa isizunguke, uwiano hubadilika. Lori la gia nne linapata nane, na Ford Model T yenye gia mbili za mbele inapata nne.

Lakini usidhani zote zinafanya kazi moja. Ruckstell, iliyotengenezwa kwa ajili ya Model T, inaongeza gia nzito ya kupandia mlima. Columbia, ya Ford V8 na ndugu zake hadi 1948, inafanya kinyume: inapunguza mizunguko ya injini barabara ikinyooka. Difu ya 3.78, yaani propela (shafti inayotoka giaboksi) huzunguka mara 3.78 magurudumu yakizunguka mara moja, inakuwa kama 2.72, yaani injini inapumzika kwa asilimia 28 hivi. Eaton za malori zinarudi upande wa nguvu, 6.33 ikawa 8.81 kwa mfano. Anayeweka Columbia akitarajia kupanda mlima na mzigo atanilaumu mimi bure.

Kuhusu kulinganisha enzi ya ekseli na ya gari, hapa ndipo watu wanapojidanganya. "Ya zamani" haitoshi. Ford walihamia breki za haidroli mwaka 1939, kwa hiyo ekseli ya gari la 1940 haiingii tu chini ya gari la 1937 ukasema mambo yamekwisha; bamba za breki zenyewe zitakuumbua. Kwenye malori angalia kinachosukuma gia. Lori la mwisho wa miaka ya 1930 lenye Eaton linategemea vakyumu. Ukiliwekea mota ya umeme ya miaka ya baadaye litatembea vizuri, pengine vizuri zaidi, ila usiniambie ni la enzi yake. Na msifikiri umeme kwenye difu ni jambo la juzi: Cadillac ya 1914 ilikuwa na difu ya gia mbili iliyobadilishwa kwa umeme. Mwaka uliofuata, ilipokuja V8, wakaachana nayo.

Sasa namna ya kuipima kabla hujatoa pesa. Inua magurudumu yote mawili. Piga alama ya chaki kwenye tairi moja na nyingine kwenye flanji ya pinioni, pale propela inapofungwa. Mwambie mtu ashike gurudumu la pili lisitikisike kabisa, kisha wewe zungusha lako mara mbili kamili, polepole, ukihesabu flanji. Mara mbili, si moja, kwa sababu gurudumu moja likishikwa kraunwili huzunguka nusu tu. Flanji ikienda mara sita na theluthi, una 6.33. Sukuma uma wa kubadilishia, ule unaosogeza gia, kwa mkono, rudia. Lazima ipite nane na kukaribia tisa.

Niliwahi kulipa kabla ya kurudia hesabu hiyo. Kibao cha uwiano kilikuwepo, tena kinasomeka, na muuzaji aliapa. Nyumbani nikahesabu: sita na theluthi. Nikasukuma uma, haukutikisika hata kidogo. Nilipofungua nikakuta kipande cha bati nene, kimekatwa kwa msumeno, kimeubana uma kwa boliti mbili. Gia ya kuteleza, ambayo meno yake yanapaswa kuwa na kona kali, ilikuwa imelika hadi ikachongoka kama penseli. Mtu alichoka na vakyumu inayovuja, akabadilisha gia nusunusu kwa miaka, mwishowe akaifunga moja kwa moja. Simlaumu sana. Lori lilikuwa na kazi ya kufanya.

Ruckstell ina hatari yake, na hii naomba isomwe mara mbili. Breki ya mguu ya Model T iko kwenye giaboksi, si kwenye magurudumu. Nguvu yake hupita kwenye propela hadi kwenye difu. Ruckstell ikikwama katikati, si juu wala chini, magurudumu yanakuwa huru na pedeli haina kazi. Unabaki na breki ya mkono na dua. Kwa hiyo simfungii mtu Ruckstell bila breki za ziada kwenye magurudumu ya nyuma. Mkifungua, tupeni pia zile washa za metali laini zilizowekwa na kiwanda, muweke za shaba nyeusi. Za zamani husagika zikageuka uji ndani ya oili, pinioni ikaachana na kraunwili, na hapo tena breki imekwenda.

Siku hizi Ruckstell mpya zinatengenezwa tena. Mimi sina ugomvi nazo. Gari la kutembelea, nafunga mpya na kulala usingizi. Gari la kupelekwa mbele ya majaji wa maonyesho, natafuta ya zamani na kubadilisha matumbo yake.

Kwa Columbia, baada ya kifaa cha kubadilishia, nauliza kigiaboksi cha spidometa. Spidometa ya Ford husoma mzunguko wa propela, kabla ya Columbia kubadilisha chochote, kwa hiyo bila hicho kidude sindano inadanganya kila Columbia inapoingia kazini. Muuzaji akisema kipo kwenye boksi mahali fulani, mwambie utasubiri alifungue.