Je, Wajua Kwa Nini Mkia wa Tela Huenda Kinyume na Usukani Ukipiga Rivasi?

Dereva aliyezoea gari dogo akipanda lori lenye tela kwa mara ya kwanza, kinachomvuruga kwanza ni hiki: anakata usukani kushoto, mkia wa tela unakwenda kulia. Hajakosea kukata. Usukani unaongoza kichwa peke yake, yaani sehemu ya mbele yenye injini na dereva; tela linasukumwa tu.

Semi-tela hushikana na kichwa kwa pini moja nene iliyo chini ya pua yake, ambayo huingia kwenye sahani iliyo juu ya ekseli (mihimili inayobeba matairi) za nyuma za kichwa. Ukirudi nyuma huku umekata kushoto, sehemu ya nyuma ya kichwa husogea kushoto na kuisukuma pua ya tela huko huko. Tela nalo huzungukia kwenye matairi yake, kwa hiyo pua ikienda kushoto mkia hauna budi kwenda kulia. Tela likiwa na ekseli 3, kitovu cha mzunguko huo huwa karibu na ekseli ya kati. Ndiyo maana kwenye kona kali utasikia matairi ya ekseli nyingine yakiburuzwa kwa ubavu, na zege hubaki na michirizi myeusi.

Jambo la pili ndilo linalowatesa wanafunzi zaidi. Ukienda mbele, kichwa kinalivuta tela na kupinda kunajinyoosha kwenyewe. Ukirudi nyuma, pembe ndogo haibaki ndogo: inakua kadiri unavyosogea, kama fimbo uliyoisimamisha kiganjani inavyozidi kuanguka ikishaanza kuinama. Ukichelewa, lori linakunjana mpaka kona ya tela inakaribia kugusa kibanda cha dereva. Hapo hakuna usukani wa kukuokoa, ni kwenda mbele na kunyoosha upya. Na kwenda mbele si aibu hata kidogo; madereva wazoefu hufanya hivyo kila siku.

Kwa hiyo siri kubwa ni mwendo. Weka gia ya chini kabisa, usikanyage mafuta. Tela hujibu kwa kuchelewa, na mgeni asipoona jibu huzidisha usukani. Tela linapokuja kutii, tayari amepitiliza. Sahihisha kidogo na mapema, kisha rudisha usukani. Wakufunzi wengi humshikisha mwanafunzi usukani kwa chini, kwa sababu mkono ukienda kulia kutoka hapo, mkia nao huenda kulia. Na ukirudi nyuma kwa mstari ulionyooka, tela likianza kujaa kwenye kioo cha kulia, kata kulia. Likijaa kushoto, kata kushoto. Tela fupi linaonekana rahisi, lakini hukunja haraka zaidi kuliko refu.

Sasa uzoefu unapatikana wapi? Barabara kuu haifundishi rivasi. Safari ya mamia ya kilomita inaweza kuwa na rivasi mbili tu, ya kupakia na ya kushusha, tena zote za haraka huku watu wanakusubiri. Dereva mpya anayetaka kuiva aitafute kazi ya kuhamisha matela yadini akiipata, maana kila unapofunga tela unarudi nyuma kwa kulenga ile pini. Akikosa, aombe yadi tupu na koni chache. Aanze na mstari ulionyooka mpaka auchoke, ndipo ahamie kurudi nyuma na kuingia nafasi iliyo kando ya aliyosimama, kisha kona ya nyuzi 90 upande wa dirisha lake, anakouona mkia. Upande wa pili, ambako tela likikunja linamziba asione mkia, usubiri mwisho.

Rivasi nyingi huharibika kabla hata ya kuweka gia. Ukisimama vibaya mbele ya nafasi, hakuna ufundi wa usukani utakaokusaidia. Acha uwazi mbele, kwa kuwa pua ya kichwa hufagia eneo pana. Halafu shuka uangalie: nguzo, shimo, gari lililoegeshwa, na juu pia, nyaya na ukingo wa paa. Panda, sogea, ukiwa na shaka shuka tena. Wa kukuelekeza awe mtu mmoja, na akipotea kwenye kioo simama papo hapo mpaka umwone.

Tela la kuburuta, lenye mkono mrefu na ekseli ya mbele inayogeuka, ni somo jingine kabisa. Lina viungo viwili, kwa hiyo kinyume kinageuzwa mara ya pili: ukikata kushoto, mkono wa tela unapinda, ekseli ya mbele inageuka nao, na mkia unaishia kushoto. Mtu aliyezoea semi asilipeleke kwenye mlango wa ghala siku ya kwanza. Arudi kwanza kwenye yadi tupu, kwenye ule mstari ulionyooka.