Nondo zilizochomoza juu ya slabu si kibali cha ghorofa

"Injinia, sitaki mambo mengi. Nondo niliziacha, kazi ni kupandisha tu." Simu ya namna hii imeingia tena, na safari hii mwenye nyumba ameshashusha kokoto. Naandika ili nikipigiwa nyingine nitume kiungo, nisigombane na watu wazima.

Pita Tabata, pita Mbagala, utaona nondo zinachungulia juu ya slabu. Watu wanaamini zile nondo zinathibitisha uwezo wa nyumba. Hazithibitishi. Zinaonyesha tu nguzo ya juu itaungwa wapi, na hata hilo kwa shida: nondo ya milimita 16, kwa kanuni ya kawaida ya mara 40 ya unene wake, hupandana na mwenzake sentimita 64. Ninazokuta saiti ni visiki vya sentimita 30, vimekunjwa visichome watu, vikanyooshwa tena, vikakaa miaka na upepo wa bahari. Ukivigonga vinadondosha maganda.

Kibali nacho ni cha jengo lililo kwenye michoro iliyopitishwa na halmashauri. Ilikuwa nyumba ya chini? Unaomba upya, ukiwa na michoro ya miundo iliyosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa. Basi. Machi 29, 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Iliripotiwa kwamba ghorofa zilizidi za kwenye kibali.

Kinachonichosha zaidi ni hoja hii: "Nyie wahandisi huwa mnaweka ziada." Ni kweli, ipo. Kwa BS 8110, kanuni ya Uingereza ya kusanifu majengo ya zege ambayo wengi wetu tumesomeshwa, uzito wa jengo lenyewe huzidishwa kwa 1.4, wa watu na vitu kwa 1.6. Lakini ziada hiyo ina kazi yake, na kwa nyumba zetu imeshaanza kuliwa: na zege lililoongezwa maji ili limwagike kirahisi, na ringi zinazofunga nondo za nguzo zilizoachana mno, na nguzo iliyokaa upande. Wewe unataka kuitumia mara ya pili. Tupige hesabu: slabu ya mita 10 kwa 12, unene sentimita 15, ni kama tani 43. Kila mita ya ukuta wa tofali la inchi 6, kimo mita 3, ikishapigwa plasta hukaribia tani moja. Bado tenki la lita 2,000 ambalo kila mtu hulisahau, bado paa, bado mashemeji. Na mzigo haugawanyiki sawasawa. Nguzo ya katikati hupokea kutoka pande zote nne, ya kona hupokea upande mmoja tu wa slabu. Fundi akikuonyesha nguzo ya kona ilivyo imara, hajakuonyesha kitu.

Zipo nyumba zilizokusudiwa ghorofa tangu msingi, na michoro ipo. Hizo hazinipi taabu.

Michoro isipokuwepo, nafukua besi, yaani kitako cha nguzo kilicho ardhini, napiga nyundo ya Schmidt ya kupimia zege, natoboa vipande vya zege viende maabara. Sasa niseme lile ambalo ripoti huzungukazunguka: nyundo hupima ugumu wa ngozi ya zege, na zege la zamani mara nyingi ni gumu juu kuliko ndani. Vipande viwili vya jengo moja huleta majibu yanayopishana. Sifukui besi zote. Nikifukua tatu kati ya kumi na mbili, hizo tisa nazikisia. Nimesaini ripoti nikijua kabisa kwamba mwenzangu, kwa vipimo vilevile, angeweza kukataa, na asingekuwa amekosea.

Kwa hiyo ukinipigia, anza na michoro iko wapi. Ukisema fundi alikuwa nayo kichwani, andaa sururu na vibarua wawili, tuanze na besi ya nguzo ya katikati. Ndiyo, hiyo iliyo chini ya vigae vya sebuleni.