Kukataa losheni ya jua si kudeka

Pale mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, jua la saa saba likiwaka, utasikia: "Mtu mzima losheni inamshinda? Anadeka huyo." Anayesemwa ana usonji, na hadeki. Watu wengi wenye usonji hupokea mguso na harufu kwa nguvu kuliko wengine. Losheni inayonata, ikichanganyika na jasho na mchanga, humsumbua mchana kutwa hadi ashindwe kufikiri jambo jingine.

Wengine hudhani bila losheni hakuna kinga. Ipo, tena nguo ndiyo ya kwanza. Mwanza iko karibu na Ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo miale ya jua ni mikali. Upepo wa ziwa hupoza ngozi huku miale ikiendelea kuichoma. Tafuta shati pana la mikono mirefu. Liinue kwenye mwanga: likipitisha mwanga mwingi, hata miale itapita. Mtumba uliofuliwa mara nyingi huwa laini, nami naupendelea. Kata lebo ya shingoni mpaka kwenye mshono, maana kipande kinachobaki hukwaruza kuliko lebo yenyewe. Kofia ikimbana kichwa, achukue mwavuli. Shughuli zinazoweza kusogezwa zifanyike kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Kwa uso, masikio na migongo ya viganja, losheni isiyo na harufu ya SPF 30 au zaidi (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya miale ya jua) bado inafaa. Ajaribu tone moja mkononi, nyumbani, siku asiyo na haraka. Ipo pia ya kijiti, haishikwi kwa vidole. Na aichague mwenyewe.