Mpango wa mradi wa uhandisi: dhana potofu zinazowala wanafunzi miezi

Mwambie mwanafunzi wa uhandisi akuonyeshe mpango wa mradi wake, na mara nyingi atakupa hati: kurasa kadhaa, jedwali la miezi mwishoni, na nafasi ya sahihi ya msimamizi. Hati inahitajika, sikatai. Ila mpango wenyewe ni maamuzi: utapima nini, kwa kifaa gani, mara ngapi, na ni jibu gani litakalokufanya ukubali kwamba ulichokitarajia hakikuwa kweli. Hati inaweza kusainiwa bila hata moja ya hayo kuamuliwa, na hapo ndipo dhana zifuatazo zinapopata nafasi.

"Mada ninayo, kilichobaki ni utekelezaji"

"Mfumo wa umwagiliaji unaojiendesha" ni kitu cha kuunda. Ukikiunda kikafanya kazi, umethibitisha kwamba unajua kuunda, jambo ambalo wengi wamekwisha kulifanya kabla yako. Utafiti unaanza unapouliza: je, kuwasha pampu kwa kufuata unyevu wa udongo kunapunguza maji yanayotumika, ukilinganisha na kuiwasha kwa saa maalumu, bila mavuno kushuka? Swali la namna hiyo linakupangia nusu ya kazi. Sasa unajua unahitaji vitalu viwili vinavyofanana, mita ya maji kwa kila kitalu, na mizani. Mada peke yake haikukwambia lolote kati ya hayo.

"Majaribio yatachukua wiki mbili tu"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo miradi mingi inapozama. Tuseme unataka kujua majivu ya pumba za mpunga yanaweza kuchukua nafasi ya saruji kiasi gani kwenye zege. Unachagua viwango vitano: asilimia 0, 5, 10, 15 na 20. Unataka kupima nguvu siku ya 7, ya 14 na ya 28, na kila kipimo kiwe na michemraba mitatu. Tano mara tatu mara tatu ni michemraba 45.

Mchemraba wa milimita 150 una uzito wa karibu kilo 8. Yote 45 inakaribia kilo 365 za zege, kabla hujahesabu linalomwagika na linalobaki kwenye chombo cha kuchanganyia. Kama maabara inakupa kalibu 9 (vyombo vya kuumbia michemraba), unamwaga kiwango kimoja kwa siku: unapaka kalibu mafuta, unamwaga zege kwa tabaka, unalishindilia, unaliacha hadi kesho, unafungua, unasafisha, unaanza tena. Kiwango cha mwisho kinamwagwa siku ya tano, kwa hiyo kipimo chake cha mwisho ni siku ya 33. Hapo hakuna kalibu iliyovunjika, hakuna mwanafunzi mwingine aliyejaza kwa michemraba yake tangi la maji la kukomazia zege, na mashine ya kugandamiza haijaharibika. Kiwango kimoja kikimwagwa vibaya, siku zake 28 zinaanza upya, na hakuna bidii itakayozifupisha.

Ndiyo maana mchanganyiko wa majaribio unamwagwa mapema, hata kabla ya kupata vifaa vyote. Michemraba mitatu iliyopimwa siku ya 7 inaweza kukudokeza mapema kama mchanganyiko wako una kasoro, kwa mfano majivu yanayofyonza maji kupita kiasi.

Dawa inayotajwa sana ni kuongeza siku chache za tahadhari. Haitoshi. Mwaka 1994 wanasaikolojia Buehler, Griffin na Ross walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu. Kwa wastani walikadiria kumaliza kwa siku 33.9, wakatumia 55.5. Hata walipoombwa kukadiria mambo yakienda mrama kabisa, wastani wao ulikuwa siku 48.6. Tahadhari yao nayo ilikuwa na matumaini mno. Kipimo bora ni muda halisi wa waliokutangulia: waulize waliofanya kazi kama yako walianza lini na walimaliza lini, uandike hizo namba, hata kama unajiona mwepesi kuliko wao.

"Kifaa kinasoma desimali nne, kwa hiyo ni sahihi"

Kihisi cha joto cha DS18B20, kipenzi cha miradi ya wanafunzi, hupanda na kushuka kwa hatua za nyuzi 0.0625. Ukiona 27.0625 kwenye skrini unashawishika. Lakini usahihi anaouahidi mtengenezaji, kati ya nyuzi −10 na 85, ni nusu nyuzi juu au chini. Sasa tuseme unalinganisha joto la mapaa mawili ya nyumba kwa vihisi viwili. Kimoja kinaweza kusoma juu kwa nusu nyuzi, cha pili chini kwa nusu nyuzi, ukaandika tofauti ya nyuzi moja ambayo kwenye mapaa haipo.

Tiba yake ni rahisi na inaingia kwenye mpango, wiki ya kwanza: vitumbukize vihisi vyote kwenye chombo kimoja cha maji yanayokorogwa, rekodi vinavyopishana, kisha rekebisha. Katikati ya majaribio vibadilishane nafasi. Tofauti ikihama pamoja na kihisi, ujue ilikuwa ya kihisi.

Wengine hudhani kurudia kipimo mara nyingi kutamaliza tatizo. Kurudia hupunguza kuyumba kwa bahati, tena kwa bei kubwa: ili kuyumba kwa wastani wako kupungue kwa nusu, unahitaji vipimo mara nne. Kosa la kihisi kinachosoma juu siku zote halipungui hata urudie mara elfu.

"Namba iliyochapishwa haihitaji kuguswa"

Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliiamini namba iliyochapishwa. Ndege zao zisizo na injini za 1900 na 1901 zilipata nguvu ya kuinuka pungufu ya hesabu zao. Mwishoni mwa 1901 walijenga njia ya upepo, yaani sanduku la kupulizia hewa juu ya mabawa madogo, wakapima maumbo ya mabawa yanayokaribia 200. Mkosaji mkubwa alikuwa kigezo cha Smeaton, namba ya kukokotolea nguvu ya hewa, kilichotumika kwa zaidi ya miaka mia kama 0.005, ilhali thamani halisi iko karibu na 0.0033.

Hutakiwi kutilia shaka kila jedwali, hutamaliza. Tenga jaribio moja la mwanzo la kurudia matokeo yanayojulikana. Ukiyapata, kifaa chako na mikono yako vinaaminika. Usipoyapata, umegundua mapema.

"Nitafanya kwa kompyuta, sitahitaji maabara"

Kompyuta hutoa picha yenye rangi nzuri hata pale masharti ya mpaka, yaani unachoiambia kuhusu kingo za kitu na pale kiliposhikwa, yanapokuwa ya ovyo. Anza na boriti iliyoshikwa upande mmoja, ambayo kupinda kwake unaweza kukukokotoa kwa kalamu. Kisha gawanya gridi, yaani vipande ambavyo kompyuta inaikatia boriti, iwe ya vipande vidogo zaidi uone kama jibu linabadilika. Likiendelea kubadilika, bado huna jibu.

"Nisipoona tofauti, nimefeli"

Inategemea ulipanga kuona tofauti ndogo kiasi gani. Mwaka 1887 wanasayansi Michelson na Morley, wakitafuta athari ya mwendo wa Dunia kwenye mwanga, walitarajia mistari ya mwanga kwenye kifaa chao isogee kwa takriban 0.4 ya upana wa mstari. Walichokiona hakikufika hata sehemu ya ishirini ya hiyo. "Hakuna" yao ilikuwa na uzito kwa sababu kifaa kiliweza kuona kidogo kuliko kilichotarajiwa. Mwanafunzi mwenye kihisi cha nusu nyuzi anayetafuta tofauti ya robo nyuzi hawezi kusema "hakuna". Anaweza kusema tu kwamba hakuona.

"Jedwali la matokeo huchorwa baada ya matokeo"

Lichore kabla, likiwa tupu: safu zake, mistari yake, na kizio juu ya kila safu. Chora na mihimili ya grafu. Mara nyingi hapo ndipo mtu anapogundua kwamba kuna safu ambayo hana kifaa cha kuijaza, wakati bado kuna muda wa kukiazima au kubadili swali. Na kizio usikiache kichwani: mwaka 1999 chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter, kilichotumwa sayari ya Mirihi, kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vizio vya pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni.