Wi-Fi si kifupi cha maneno mawili

Hapa Tanga, kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, nimesikia mara nyingi vijana wakielezana kwamba Wi-Fi ni kifupi cha "wireless fidelity". Sivyo.

Mwaka 1999 umoja wa kampuni zilizounga mkono teknolojia hii ulitaka jina jepesi kuliko IEEE 802.11b, jina lake la kiufundi, ambalo mnunuzi asingelikumbuka hata akifika dukani. Kampuni ya Interbrand ikabuni Wi-Fi, jina linalofanana kimatamshi na Hi-Fi, neno la mitambo ya muziki. Yale maneno mawili yalikuja baadaye, kwenye kaulimbiu ya matangazo. Kaulimbiu ikaachwa, uvumi ukabaki.

Kwa maandishi rasmi ni Wi-Fi, yenye kistari. Waifai nayo inaeleweka, na mimi naipenda.

Linaloniuma zaidi ni kusikia "waifai imeisha". Waifai ni mawimbi ya redio kati ya simu yako na kile kifaa kilichowekwa ukumbini. Hayo hayaishi kama vocha. Kilichoisha ni bando la intaneti. Ndiyo maana alama ya waifai huonekana imejaa kwenye simu, na bado ujumbe hauendi.