Kabla hujasema "mtandao hakuna"

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za Tabora mjini hujaa vijana. Foleni ikikwama, jibu la mwenye duka ni lile lile: "Mtandao hakuna." Sisi wa TEHAMA tunajua kwamba nyuma ya kauli hiyo kuna hitilafu nne zisizofanana. Asiyezitofautisha hununua bando jipya kumbe waya umechomoka, au humlipa fundi kwa tatizo ambalo ni la kampuni ya simu kulitatua. Inauma, maana fedha hiyo mara nyingi ni ya mzazi aliyeuza debe la mahindi.

Tuanze na boksi lenyewe. Modemu ndiyo inayowasiliana na nje: hubadili data ziwe mawimbi ya kusafiri kwenye waya au hewani hadi mnarani, na yanayorudi huyageuza yawe data tena. Ruta kazi yake ni kugawa hiyo intaneti kwa simu, kompyuta na printa. Siku hizi vyote viwili hukaa ndani ya boksi moja lenye laini, na waifai ni mawimbi kati ya boksi hilo na kifaa chako, basi. Alama ya waifai ikijaa kwenye simu, umeishika ruta vizuri; kama ruta ina intaneti au haina, alama hiyo haikwambii. Ndiyo maana bando likiisha, printa ya waifai huendelea kuchapa kama kawaida.

Sasa tafuta hitilafu ilipo. Kila kifaa hupewa na ruta namba yake, yaani anwani ya IP, ambayo majumbani na madukani mara nyingi huanza na 192.168. Ifungue kwenye mipangilio ya mtandao uisome. Ukikuta inaanza na 169.254, usiongeze bando: kompyuta imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kagua waya, zima ruta, subiri nusu dakika, washa tena.

Anwani ikiwa sawa na kurasa bado hazifunguki, andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows, kisha kwenye dirisha jeusi andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni anwani ya seva ya Google. Isipojibu, mara nyingi tatizo liko kati ya ruta na mtoa huduma: bando, laini au mnara. Angalia salio, kisha mpigie mtoa huduma umweleze ulichokiona. Atakuelewa haraka kuliko ukimwambia "haifanyi kazi". Ikijibu lakini hakuna tovuti hata moja inayofunguka, shuku DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Kwenye mipangilio weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kama DNS yako. Na kama tovuti nyingine zote zinafunguka ila ile ya maombi tu, huenda seva yake imezidiwa na watu. Hapo hakuna bando litakalokusaidia. Rudi usiku.

Malalamiko tunayoyapokea zaidi, hata hivyo, ni ya kasi. Mteja amelipia 10 Mbps, anapakua faili, kompyuta inamwonyesha 1.2 MB kwa sekunde, anaamini ameibiwa. Tazama herufi moja tu: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti 1 ni biti 8. Kampuni hutangaza kasi kwa biti, kompyuta huonyesha kwa baiti. Gawanya 10 kwa 8 upate 1.25. Faili la MB 100 litachukua sekunde 80 hivi, na mteja huyo amepata alicholipia. Kwa maoni yangu, kampuni zingepaswa kuliandika hili wazi kwenye matangazo yao.

Kasi haitoshi bila kuangalia pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda na jibu kurudi, kwa milisekunde. Dishi linalotumia satelaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta lazima lipandishe ombi na kulishusha, kisha jibu lifanye vivyo hivyo. Safari hiyo inazidi kilomita 140,000, karibu nusu sekunde hata kwa mwendo wa mwanga. Kabla nyaya za baharini kuanza kufika Dar es Salaam mwaka 2009, nchi yetu ilitegemea njia hiyo, na wa zamani wanakumbuka simu za nje zilivyokuwa na ukimya kabla ya jibu.

Masafa ya waifai yasikusumbue sana: gigahezi 2.4 hupenya ukuta wa tofali na kufika mbali, 5 ina kasi lakini huchoka mapema. Kwa chumba cha nyuma tumia 2.4.

La mwisho ni nywila, na hapa tunasihi. Stika iliyo chini ya ruta mara nyingi ina nywila mbili: ya waifai, na ya kuingilia mipangilio. Wengi hubadili ya kwanza tu. Ya pili ikibaki "admin", mteja yeyote uliyempa waifai anaweza kuingia, akabadili DNS, na kukupeleka kwenye ukurasa bandia. Ingia kwenye 192.168.1.1 au anwani iliyoandikwa kwenye stika, badili nywila zote mbili, chagua WPA2 au WPA3, yaani aina za ulinzi wa waifai, kisha zima WPS, njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila.